Kilobaiti 84 kwenye anwani za 64: nani anaitika?

Swali la msomaji wa Moshi:

"Shikamoo fundi. Babu alituachia kompyuta ya Commodore 64 nyumbani Kibosho, ilikuwa kabatini tangu sijazaliwa. Nimeiunganisha na televisheni, imewaka. Inaandika kwamba ina 64K, halafu papo hapo inasema nafasi iliyopo ni baiti 38911. Chuoni tumefundishwa kwamba prosesa yenye nyaya 16 za anwani haiwezi kuona zaidi ya baiti 65536. Lakini kitabu chake kinasema ina RAM ya kilobaiti 64 na ROM ya kilobaiti 20. Hizo 20 zinakaa wapi, na ile RAM nyingine imekwenda wapi? Nilisoma mahali kwamba POKE 1,54 inafungua kumbukumbu iliyofichwa. Nikaiandika, skrini ikaganda kabisa. Nimeiua mashine ya babu?"

Marahaba, mwanangu. Hujaiua. Zima, subiri kidogo, washa tena, na neno lake READY, la kusubiri amri, litarudi kama lilivyokuwa. Amri uliyoandika, POKE, kazi yake ni kuandika namba kwenye anwani ya kumbukumbu; haifuti ROM, ile kumbukumbu ya kudumu ya kusomwa tu, wala haiunguzi chipu.

Ila kabla hujaiwasha tena, kuna kitu cha umeme ambacho kinaweza kuiua kweli, na hakihusiani na POKE. Adapta ya Commodore 64 inatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Zile 5 ndizo zinazolisha chipu za kumbukumbu. Adapta za enzi hizo zikichoka, mara nyingi volti hizo hazishuki, zinapanda, na RAM ndiyo inayolipa. Azima mita chuoni, pima zile 5 kwenye plagi kabla ya kuichomeka. Ukiona zimezidi 5.25, iache adapta hiyo na utafute nyingine. Mashine iliyokaa kabatini miaka yote hiyo inastahili dakika tano za kupimwa. Kwetu hizi ni adimu: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo hata moja iliyofika Kibosho ina safari ndefu nyuma yake.

Sasa swali lako. Mwalimu wako yuko sahihi na kitabu cha babu kiko sahihi. Prosesa ya mashine hiyo inaitwa 6510. Ina nyaya 16 za anwani, na kila waya unaweza kuwa sifuri au moja, kwa hiyo namba inazoweza kutaja ni kuanzia 0 hadi 65535 na hakuna zaidi. Prosesa ikitaja 40960 haiendi mahali popote. Inaita namba, kisha inasubiri sauti. Chipu yoyote iliyoruhusiwa kuitika wakati huo ndiyo itakayoitika, na prosesa itapokea jibu hilo bila kuuliza wewe ni nani.

Fikiria meza ya sokoni, tuseme hapa Kilombero. Asubuhi mama anauza nyanya juu yake. Jioni anafunga vikapu vyake na kijana wa chipsi anaweka jiko lake palepale. Namba ya meza kwenye daftari la soko ni ileile. Ukimtuma mtoto, "nenda meza ya 40," atakachorudi nacho kinategemea umemtuma saa ngapi. Biashara ni mbili, meza ni moja, na kinachozuia ugomvi ni utaratibu wa nani anakaa lini.

Ndani ya Commodore 64 ugawaji uko hivi. RAM, kumbukumbu inayosomeka na kuandikika, inajaza namba zote, 0 hadi 65535, haina pengo. Juu yake, kwenye baadhi ya namba, wamewekwa wapangaji wengine. ROM ya BASIC, lugha ya kuandikia programu za mashine hiyo, kilobaiti 8, inashiriki namba 40960 hadi 49151. ROM ya KERNAL, ndiyo ile programu dhibiti inayosoma kibodi, kuchora herufi na kuzungumza na diski, ni kilobaiti 8 nyingine, 57344 hadi 65535. Na pale 53248 hadi 57343 pana wapangaji watatu kwa pamoja: RAM, ROM ya maumbo ya herufi yenye kilobaiti 4, na rejista za chipu za picha, sauti na saa. Jumlisha ROM hizo: 8 na 8 na 4, ndizo 20 za kitabu chako.

Na ile 38911 sasa inahesabika. Programu yako ya BASIC inaanza kuhifadhiwa anwani 2049, kwa sababu chini yake kuna daftari la mfumo na skrini. Inaishia pale ROM ya BASIC inapoanza, 40960. Toa 2049 kwenye 40960. RAM iliyobaki haikuibwa na mtu: kilobaiti 8 ziko chini ya BASIC, 8 chini ya KERNAL, 4 chini ya zile rejista, na 4 nyingine ziko wazi kabisa kuanzia 49152, ila BASIC haiwezi kuziunganisha na eneo lake kwa kuwa yenyewe imekaa katikati.

Anayeshika daftari la soko ni chipu moja inayoitwa PLA. Ina pini 16 za kuingiza na 8 za kutoa. Inaangalia nyaya nne za juu za anwani, inaangalia kama prosesa inasoma au inaandika, inaangalia kama kuna katriji imechomekwa nyuma, na inaangalia nyaya tatu za swichi nitakazozieleza. Kisha inaamsha chipu moja na kuzinyamazisha nyingine. Inafanya hivyo kwa kila wito, na prosesa inaita karibu mara milioni moja kwa sekunde. PLA huwa ya moto, na mara nyingi inakufa mapema kuliko wenzake. Niliwahi kuletewa mashine kama yako ikiwa na skrini nyeusi tii. Fundi aliyenitangulia alishang'oa chipu zote nane za RAM na kuweka mpya, na skrini ikabaki nyeusi. Niliiwasha kwa dakika mbili nikagusa PLA kwa ncha ya kidole, nikaondoa mkono haraka. RAM za mwanzo zilikuwa nzima. Kilichokufa ni mshika daftari: hakuna aliyekuwa akiambiwa aitike.

Zile nyaya tatu za swichi ndizo ulizozigusa. Prosesa ya 6510 ina tofauti moja kubwa na ndugu yake 6502: ndani yake kuna lango dogo la biti sita, na lango hilo linajibu kwenye anwani 0 na 1. Anwani 0 inasema kila biti ni ya kuingiza au ya kutoa. Anwani 1 ndiyo thamani yenyewe. Biti tatu za juu za lango hilo zinahusu kinasa kaseti. Tatu za chini zinakwenda moja kwa moja PLA. Mashine ikiwa imetulia, andika PRINT PEEK(1), yaani soma kilichoko anwani 1, utaona 55. Ivunje: 32 na 16 ni za kaseti, halafu 4, 2 na 1, swichi zote tatu zimewashwa. Ukitoa 1, inabaki 54: BASIC inaondoka, RAM iliyo chini yake inaitika. Ukitoa 2, inabaki 53: KERNAL inaondoka, na BASIC inaondoka nayo, maana PLA imepangwa isiiache BASIC peke yake bila KERNAL. Ukitoa 4, inabaki 51: rejista za chipu zinafunikwa na maumbo ya herufi.

Utauliza, mashine ikiwashwa nani anaweka hiyo 55, wakati hakuna programu iliyokwisha kuanza? Hapa wahandisi wa Commodore walifanya jambo ninalolipenda sana. Umeme ukiingia, lango lote linakuwa la kuingiza, yaani prosesa haisukumi kitu kwenye zile nyaya. Kwenye bodi kuna rezista zinazozivuta nyaya hizo juu. Kwa hiyo kabla ya amri ya kwanza, PLA inaona swichi zote zimewashwa, na ROM ndizo zinazoitika. Prosesa inasoma anwani 65532 na 65533 kujua pa kuanzia, inapata jibu la KERNAL, na mashine inaamka. Kama RAM ndiyo ingekuwa inaitika pale, prosesa ingesoma takataka na kwenda nazo. Rezista tu ndizo zinazoamua kwamba mashine inaamka na akili yake.

Sasa tazama ulichofanya. Ulipoandika POKE 1,54 na kubonyeza RETURN, nani aliyekuwa anaitekeleza amri hiyo? BASIC yenyewe. Prosesa ilikuwa ndani ya ROM ya BASIC, kwenye namba fulani kati ya 40960 na 49151, inasoma maelekezo moja baada ya jingine. Elekezo moja likaandika 54 kwenye anwani 1. Papo hapo PLA ikainyamazisha BASIC. Prosesa haikujua, ikaongeza hatua moja, ikaita namba inayofuata, na RAM ikaitika na chochote kilichokuwamo tangu umeme uwake. Ni fundi mwashi aliyeng'oa ubao wa jukwaa akiwa amesimama juu ya huohuo. Prosesa ikaanza kutekeleza takataka, na skrini ikaganda.

Kwa hiyo kubadilisha benki, yaani kubadilisha nani anaitika kwenye namba zilezile, kwenyewe ni kazi ya namba moja. Ugumu wote, kwenye mashine zote za enzi ile, uko kwenye swali hili: wakati unabadilisha, wewe umesimama wapi? Ukilielewa hilo unaweza kuisoma ramani ya kumbukumbu ya mashine yoyote ya miaka ya 80, kwa sababu kila kiwanda kilijibu swali hilohilo kwa namna yake.

Na kuna mtego wa pili ambao haukukupata kwa bahati. Mara 60 kila sekunde, saa ndani ya Commodore 64 inamkatiza prosesa: acha unachofanya, nenda kaangalie kibodi, pepesa kishale cha skrini, kisha urudi. Prosesa inajua pa kwenda kwa kusoma anwani 65534 na 65535. Namba hizo ni eneo la KERNAL. Ukiwa umeiondoa KERNAL, mkatizo ukija prosesa inasoma RAM iliyo chini, na kama hujaandika kitu pale, inaruka kwenda kusikojulikana. Hili lilinipata mimi. Niliandika programu fupi ya lugha ya mashine iliyokaa vizuri pale 49152, eneo ambalo halibadiliki, nikajiona salama. Nikaandika 53 kwenye anwani 1 ili nisome RAM ya juu. Siku nyingine ilifanya kazi, siku nyingine iliganda, na nilikaa wiki nzima nikilaumu chipu, nikizitoa na kuzirudisha. Shida ilikuwa kukosa elekezo moja lenye herufi tatu, SEI, linalofunga masikio ya prosesa kabla ya kugusa swichi. Programu yangu ilikuwa fupi kiasi kwamba mara nyingi ilimaliza kabla saa haijagonga. Kosa linalotokea wakati mwingine tu ndilo baya kuliko yote, maana linakufanya uamini umelitibu.

Kwa sababu hiyohiyo usiandike POKE 1,51 hivihivi. Rejista za saa zitafunikwa, mkatizo utakuja, na KERNAL itakwenda kuizima saa isiikute. Wanaotaka kunakili maumbo ya herufi huzima kwanza saa kwa POKE 56334,PEEK(56334) AND 254, ndipo wanagusa anwani 1.

Nikupitishe kidogo kwa majirani, kompyuta nyingine za enzi ile, utaona mantiki inavyojirudia.

BBC Micro ya Acorn, iliyotoka 1981, ndiyo ninayoiona kuwa bora kwenye jambo hili. RAM ilikuwa kilobaiti 32 tu, namba 0 hadi 32767. Mfumo wenyewe ulikaa kwenye ROM ya kilobaiti 16 juu kabisa, na haukuondoka pale. Katikati, 32768 hadi 49151, waliacha dirisha moja la kilobaiti 16, na nyuma ya dirisha hilo zingeweza kupangwa ROM hadi 16: BASIC, programu ya kuandikia barua, mfumo wa diski, na kadhalika. Ukiandika namba ya ROM kwenye rejista iliyoko FE30 kwa hesabu ya kumi na sita, ROM hiyo inakuja dirishani. Msimamizi yuko kwenye sakafu isiyosogea, kwa hiyo hawezi kuanguka.

Kinachonivutia ni ustaarabu wake. Ukiandika amri ya nyota (inayoanza na alama *) ambayo mfumo hauijui, hausemi kosa papo hapo. Unapita kama mjumbe wa nyumba kumi, mlango kwa mlango, kuanzia ROM namba 15 kushuka hadi 0, unauliza kila moja: amri hii ni yako? Anayejua anashughulikia na kurudisha sifuri, maana yake nimeipokea, usiendelee kuuliza. Wote wakikataa ndipo unaandika Bad command. Na mfumo unajuaje kwamba soketi ina ROM ya kweli na haiko tupu? Kila ROM lazima mwanzoni mwake ielekeze mahali penye sifuri ikifuatiwa na alama ya hakimiliki, (C). Isipokuwapo, mlango huo unarukwa.

Niliwahi kuletewa moja kutoka shule moja huku kwetu. Ikiwashwa iliandika BBC Computer 32K, halafu chini yake neno moja: Language? Shule ilikuwa imeshaambiwa na mtu kwamba ubongo umekufa. Lakini mashine inayoandika hivyo ubongo wake ni mzima kabisa. Mjumbe amepita milango yote na hakuna aliyejitambulisha kuwa lugha. Niliichomoa ROM ya BASIC kwenye soketi yake. Miguu ilikuwa imeshika kutu nyeusi, mguu mmoja umejikunja chini ya tumbo la chipu bila kuingia kwenye tundu. Niliisafisha kwa kifutio cha penseli, nikanyoosha ule mguu kwa koleo ndogo taratibu, nikairudisha. Likatokea neno BASIC na alama yake ya kusubiri. Mwalimu aliyeileta alinyamaza, kisha akaomba aizime na kuiwasha mwenyewe.

Rejista ile ya FE30 ina ulemavu mmoja: inaandikika, haisomeki. Ukitaka kujua ni ROM ipi iko dirishani, huwezi kuiuliza. Kwa hiyo mfumo unaweka nakala ya namba hiyo kwenye RAM, anwani F4, na sheria ni kuandika nakala kwanza, rejista baadaye. Mkatizo ukiingia katikati, atakayerudisha mambo atarudisha kwa kuangalia nakala, na atakuta namba sahihi. Ukigeuza mpangilio huo, kuna kipenyo kidogo cha muda ambapo daftari na meza havikubaliani, na hapo ndipo mashine hufa.

Amstrad CPC 464 ya mwaka 1984 ina RAM ya kilobaiti 64 na ROM ya 32. Nusu ya ROM iko chini, nusu, yaani BASIC, iko juu kuanzia C000. Na RAM ya skrini nayo iko kuanzia C000! BASIC na picha wanashiriki meza moja, mchana kutwa. Inawezekana kwa sababu ya kanuni ambayo na mashine ya babu inaifuata, na ndiyo itakayokufaa hivi punde: ROM inaitika kwenye kusoma tu. Ukiandika kwenye namba hizo, maandishi yanapita na kutua kwenye RAM iliyo nyuma, hata kama ROM ndiyo inayoonekana. Kwa hiyo BASIC inaweza kuchora skrini iliyo chini ya miguu yake. Wito wote wa programu dhibiti unapitia kwenye orodha ya kurukia iliyo RAM kuanzia BB00, na kila mstari wa orodha umebeba ndani yake maelezo ya ROM gani iwashwe kabla ya kuruka. Anayeandika programu hahitaji kujua benki ipo.

MSX waliweka vipande vyao vya kubadilishia soketi kwenye RAM ya juu, F380, mbali na kila kinachosogezwa. Spectrum 128 nayo ilikuwa na ROM mbili za kilobaiti 16 kwenye meza moja, zinazobadilishwa kwa biti moja ya lango namba 32765. Na lango hilohilo lina biti nyingine ya kujifunga. Ukiiwasha, mashine inabaki kuwa Spectrum ya zamani ya 48K mpaka uizime au uianzishe upya. Ndicho kinachotokea ukichagua 48 BASIC kwenye menyu yake.

Turudi Kibosho. Nataka ufanye ile POKE 1,54 tena, safari hii ukiwa umesimama vizuri. Pima adapta, washa, andika:

10 FOR I=40960 TO 49151
20 POKE I,PEEK(I)
30 NEXT I
40 POKE 1,54

Mstari wa 20 unaonekana wa kipuuzi: soma baiti, iandike palepale ilipokuwa. Lakini sasa unajua. PEEK inajibiwa na ROM. POKE inapita na kutua kwenye RAM. Mzunguko ukiisha, RAM iliyo chini ya BASIC ina nakala kamili ya BASIC, baiti kwa baiti. Andika RUN na usubiri. Itachukua kama nusu dakika au zaidi kidogo, na skrini haitaonyesha kitu. Mstari wa 40 ukifika, ROM inanyamaza, na prosesa inaendelea na hatua inayofuata kwenye nakala, pasipo kujua kwamba chini ya miguu yake ubao umebadilishwa. READY inatokea. Haitofautiani na ile ya mwanzo hata nukta, lakini inatoka kwenye RAM, na RAM unaweza kuibadilisha.

Sasa itafute hiyo READY ilipo. Andika NEW, halafu:

10 FOR I=41700 TO 41900
20 IF PEEK(I)=82 AND PEEK(I+1)=69 AND PEEK(I+4)=89 THEN PRINT I
30 NEXT I

82 ni R, 69 ni E, 89 ni Y. Itakupa 41848. Kutoka hapo hadi 41853 kuna herufi sita, READY na nukta yake. Neno letu TAYARI nalo lina herufi sita. Andika mstari mmoja mmoja, ukibonyeza RETURN kila mara, na utazame mashine inavyokujibu baada ya kila mmoja:

POKE 41848,84
POKE 41849,65
POKE 41850,89
POKE 41851,65
POKE 41852,82
POKE 41853,73

Itakujibu TEADY, kisha TAADY, kisha TAYDY, kisha TAYAY, kisha TAYAR, zote zikiwa na nukta ile ya zamani mwishoni. Baada ya ya sita, nukta inaondoka na mashine ya babu inaandika TAYARI.

Ukikwama popote, shika RUN/STOP na ubonyeze RESTORE kwa kishindo. KERNAL haikuondoka, bado ina masikio, na moja ya kazi zake hapo ni kurudisha swichi zote tatu. Utaona READY ya Kiingereza tena, kwa kuwa ROM imerudi mezani. Nakala yako haijafutika, iko chini palepale. Andika POKE 1,54, bonyeza RETURN, na safari hii haitaganda.